Balbu niliyoitukana ndiyo ingewaokoa vifaranga wangu

Juzi dada mmoja wa mtaa wa Umoja aliniandikia: "Kaka, tokeni za stima za shilingi 500 zimeniishia siku nne. Nimechoka. Nitupe friji au nitupe pasi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Miaka miwili iliyopita ningemjibu papo hapo, kifua mbele. Siku hizo nilijua kila kitu.

Mnaonisoma tangu zamani mnakumbuka nilivyowahubiria habari za taa za LED. Balbu ya kizamani, ile ya waya mwembamba unaowaka ndani ya kioo, nilisema ni mwizi. Ukiipa wati 100, inakurudishia kama wati 5 za mwanga, na zile 95 zinaondoka kama joto ambalo hukuliomba. LED ya wati 9 inakupa mwanga wa balbu ya wati 60. Hesabu hizo sizifuti, ni za kweli hadi leo. Nilibadilisha taa za nyumba nzima hapa Githurai, nikapanda matatu kwenda kumbadilishia na mama mkwe, hadi watoto wangu wakaanza kuniita Baba LED.

Makosa niliyafanyia nyuma ya nyumba.

Sote humu tunatafuta kitu cha pembeni, maana mshahara peke yake haufiki tarehe 20. Changu kilikuwa kuku. Nilinunua vifaranga 50 wa siku moja, wa kienyeji walioboreshwa, nikawatengenezea bruda, yaani boksi la kulelea vifaranga, ya kadibodi na maranda, balbu mbili za wati 100 zikining'inia juu yao. Hivyo ndivyo mzee jirani alivyonielekeza, na mzee huyo amefuga kuku tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Siku ya tatu nikapiga hesabu. Wati 200, mchana na usiku, ni karibu yuniti 5 za stima kwa siku. Roho iliniuma! Mimi, mhubiri wa LED, nafuga wezi wawili kwangu mwenyewe? Jioni hiyo hiyo nikazifungua, nikafunga LED mbili za wati 12. Bruda ikang'aa kuliko jana yake. Nikaipiga picha, nikamtumia shemeji yangu pamoja na maneno ya majivuno ambayo sitayarudia hapa.

Ilikuwa Julai. Mnaoishi Nairobi hamhitaji nieleze zaidi.

Kifaranga mwenye baridi hulia kwa sauti nyembamba isiyokatika. Niliisikia usiku ule kupitia dirisha la jikoni, nikadhani ni njaa, nikageuka upande wa pili. Kulipopambazuka sauti ilikuwa imekatika. Nilipofunua niliwakuta wamerundikana kwenye pembe moja, waliokuwa juu bado wanatetemeka, waliokuwa chini wamebanwa bapa. Niliwatoa mmoja mmoja nikiwaweka kwenye beseni la kufulia. Walikuwa 31. Na taa zilikuwa zinawaka vizuri kabisa, nyeupe pe. Nilishika moja kwa kiganja na sikuungua.

Shemeji alinijibu ile picha saa mbili asubuhi, kabla hajajua lolote: "Wanasomea mtihani?" Mpaka leo kwenye harusi na matanga ananiuliza kama kuku wangu walipita. Mnisamehe, naandika haya lakini bado hayajaisha moyoni.

Kumbe hivi. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za selisiasi, kwa sababu hajaota manyoya ya kumhifadhia joto lake. Yule mzee hakuweka balbu ili vifaranga waone. Aliweka hita, ila hita yenyewe ilikuwa na umbo la balbu. Sebuleni kwako zile wati 95 ni hasara tupu. Kwenye bruda ndizo ulizolipia, na hata zile 5 za mwanga, zikishagonga maranda na kuta za kadibodi, zinaishia kuwa joto vilevile. Tulifundishwa darasani kwamba nishati haiumbwi wala haiangamii, inabadilika sura tu. Nililikariri hilo nikapita nalo mtihani. Sikujua kwamba jina la "manufaa" au "hasara" halimo ndani ya nishati yenyewe, linatokana na kile ulichotaka ulipobonyeza swichi.

Na kama nilitaka kupunguza hasara, ilikuwa juu ya kichwa changu. Bruda ilikuwa wazi. Joto hupanda, kwa hiyo usiku kucha nilikuwa napasha hewa ya Githurai. Mwaka huu nilirudi na vifaranga 100 na balbu mbili zile zile za kizamani (muuza duka alizitafuta nyuma ya rafu, zimejaa vumbi, akaniangalia kama mgonjwa). Safari hii nilifunika kwa magunia, nikaacha upenyo wa hewa. Wamekufa 3 tu, kwenye Julai ile ile. Shemeji ameshaagiza majogoo wawili wa Krismasi, na atalipa bei kamili.

Wengine mtaniambia mnatumia jiko la makaa ndani ya banda. Sawa, lakini msizibe kila tundu. Makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki, na inaua kuku na mwenye kuku.

Sasa nisikilizeni. Mnapenda sana kutafuta kifaa cha kulaumu. Nilikuwa hivyo hivyo. Pandeni matatu ya zamani jioni, mkae kile kiti cha mbele karibu na boneti, mkwame kwenye foleni pale Roysambu. Injini ya petroli hata ikiwa barabarani inakimbia hupeleka kwenye magurudumu kama robo tu ya nishati ya mafuta, nyingine ni joto na moshi. Mkikwama, magurudumu hayapati kitu, na mapaja yenu yanapata yote. Injini ni ile ile. Birika la stima nalo ni kifaa kizuri mno, karibu joto lake lote linaingia majini, lakini mtu analijaza lita moja na nusu ili anywe kikombe kimoja, kisha anasema birika linakula tokeni. Jiulize ulitaka nini kwanza. Halafu pima. Usitupe kitu kabla hujapima.

Hilo ndilo nililomwambia dada wa Umoja: soma mita, tumia kitu kimoja, soma tena. Akafanya kwa siku mbili. Friji haikuwa na neno. Pasi, mara moja kwa wiki, haikuwa na neno. Kilichokuwa kinakula tokeni ni shawa ya maji moto. Na shawa ile haina kosa lolote, inageuza karibu umeme wote kuwa joto la maji, ufanisi ambao balbu yangu haiwezi hata kuuota kwenye mwanga. Ila ni ya kilowati 5, na mume wake huiacha ikimwagika dakika 20 huku akinyoa ndevu kwenye kioo. Hiyo ni zaidi ya yuniti moja na nusu, asubuhi, na jioni tena, yote imeteremka kwenye mtaro ikiwa bado moto.

Amenishukuru sana. Sasa anauliza kama amtupe mume.