Basuba isiunganishwe na Kiunga

Ndugu yangu, unasema wadi ya Basuba, huku Lamu Mashariki, iunganishwe na wadi ya Kiunga kwa kuwa watu wake ni wachache. Hapo sikubaliani nawe. Ibara ya 89 ya Katiba ya Kenya, inayohusu mipaka ya maeneo ya uchaguzi, haihesabu vichwa tu: inataka pia masilahi ya jamii, historia, utamaduni na njia za mawasiliano viangaliwe. Penye watu wachache, idadi inaweza kushuka asilimia 40 chini ya wastani. (Hata hapo Basuba bado ni ndogo, sikatai.)

Lakini Mboni, mtu wa jamii ya Waboni wa msitu wa Basuba, anajua mzinga wake wa nyuki uko mti gani; mvuvi wa Kiunga anangoja maji yajae atoe mashua. Mwakilishi mmoja atamtetea nani kwanza? IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, ikija kukusanya maoni, wazee wa Mangai na Milimani, vijiji vya Basuba, wasikilizwe huko huko kwao, wasiitwe Lamu mjini.