Ngozi inayowaka ukinawa: anza na vichache

Dada, umeuliza uanze na zipi kati ya bidhaa za ngozi za Korea na Japani, ngozi yako huwaka kila ukinawa. Achana kwanza na zile hatua kumi za Kikorea za kutunza uso! Chukua sabuni ya uso ya maji isiyo na manukato, yenye pH (kipimo cha uasidi) karibu na 5.5. Uso ukikaza baada ya kunawa, hiyo ni kali, iache. Kisha losheni yenye seramidi (mafuta yanayosaidia ngozi kushika unyevu), na mchana krimu ya kuzuia jua. Alama za PA kwenye krimu hiyo huonyesha kinga dhidi ya miale ya jua ya UVA, PA++++ ndiyo ya juu kabisa. Ukitumia sponji ya konjaki (ya kunawia uso, hutengenezwa kwa mmea wa konjaki), iloweke mpaka ilainike, maana ikiwa kavu ni ngumu kama jiwe, itakuchubua. Kila kipya kijaribu nyuma ya sikio siku kadhaa.