Uji, beseni na watoto wa awali: majibu ya wiki

*Shikamoo Bibi. Nafundisha awali huku Mwanga, Kigoma. Watoto 43, vikombe 25. Saa ya uji ni vurugu tupu. Nifanyeje?*

Marahaba, mwalimu. Vurugu inaanzia kwenye hiyo foleni yako. Mtoto wa miaka 5 hawezi kusimama robo saa ananusa uji halafu asimsukume mwenzake. Wagawe mafungu mawili. Wa kwanza wanywe, wa pili wawe nje wanaimba na mwalimu mwenzio, kisha wapokezane. Kesho waanze wale wa pili. Katikati hapo vikombe vioshwe kwa sabuni, si kusuuzwa tu. Uji upoe kabla hujawaita.

Wakae sita sita mkekani, kila mkeka na mgawaji wake wa wiki. Kuna katoto nilikafundisha Ujiji, hata jina lake kalikuwa hakalitaji. Nikakapa kazi ya kugawa vijiko. Kakazunguka mkeka, ulimi nje, moja, mbili, tatu, mpaka tano, kakasita, kakajishika kifuani: sita! Ubaoni nilikuwa nimehangaika nako mwezi mzima.

Hujaniambia wananawaje, na sababu naijua. Beseni! Wa mwisho ananawa uchafu wa wenzake 42. Sisi ambao kipindupindu kilitupiga Kagunga mwaka 2015 bado tunabembelezana na beseni? Tafuta dumu la lita 5, toboa tundu kwa msumari wa moto, lining'inize, funga kamba na kijiti cha kukanyagia. Hicho ndicho kibuyu chirizi. Kama dumu lilikuwa la mawese, lioshe kwanza kwa maji ya moto na sabuni.

*Uji wa lishe tuchanganye nafaka ngapi?*

Jamani, tena? Moja. Nafaka moja, na kiasi cha karanga au soya iliyokaangwa vizuri. Hayo makorokoro kumi mnayosaga pamoja ni kumsumbua mtoto tumbo. Dagaa pikeni mboga, kwenye unga wanatafuta nini? Karanga chambueni, yenye ukungu itupwe. Msijidanganye kwamba mkiikaanga imepona: sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiondoki kwa moto wa jikoni, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Karanga nzima msiwagawie kabisa watoto hawa. Akicheka tu, anapaliwa.

*Asiyemaliza chakula alazimishwe?*

Hapana.

*Mwanangu anakula kwa mkono wa kushoto, mwalimu anamchapa. Mama, Ujiji.*

Mama, hata mimi nimelelewa kwa mkono wa kulia, na adabu hiyo naiheshimu. Lakini mshoto kazaliwa hivyo, na fimbo saa ya kula humfundisha kuogopa sahani. Nenda ukazungumze na mwalimu bila ugomvi. Mtoto anawe mikono yote miwili, kwa maji yanayotiririka.

*Kamati imeamua mtoto ambaye mzazi hajatoa mchango asipewe uji. Ni haki?*

Mmemwona huyo mtoto lakini? Anakaa pembeni anachora chini kwa kidole, anajifanya haoni. Deni ni la mzazi, mdaini mzazi. Asiye na shilingi huenda ana debe la mahindi, ana kuni, au anaweza kuja Ijumaa kuosha vikombe. Mwenyekiti amfuate nyumbani jioni, wakae, wakubaliane. Mtoto anywe leo.