Muulize Fundi: Malori na Jenereta Zilizotoka Jeshini

SWALI: Mafundi, nina jenereta ya MEP-803A iliyokuwa ya jeshi la Marekani. Naiwashia taa, friji na televisheni. Sasa inatoa moshi mweupe, na kwenye maungio ya ekzosi kunachuruzika uchafu mweusi wenye mafuta. Nimeambiwa ringi za pistoni zimekwisha. Nifungue injini?

JIBU: Usifungue bado. Mashine hiyo ni ya kilowati 10, na vitu ulivyotaja pengine havifikishi hata kilowati 1. Injini ya dizeli ikizunguka mara 1800 kwa dakika bila kazi ya maana haipati joto la kutosha, kwa hiyo mafuta hayaungui yote. Yanayobaki huchanganyika na masizi na kutokea kwenye ekzosi. Ukiliachia hilo kwa miezi, kaboni itaganda kwenye nozeli na ringi, kuta za silinda zitang'aa zishindwe kushika oili, na hapo maneno ya fundi wako yatakuwa kweli.

Dawa yake ni mzigo wa umeme. Kwanza chomoa kijiti cha oili: ikiwa kiwango kimepanda na oili inanuka dizeli, imwage uweke mpya kabla ya kitu kingine. Safisha chujio la hewa, badili filta ya dizeli. Kisha tafuta hita za umeme. Anza na kilowati 2.5 kwa nusu saa, panda hadi 5 kwa nusu saa nyingine, halafu 7.5 kwa saa tatu au nne. Ukiwa kwenye volti 120/240, gawa hita sawasawa kati ya vituo vya nyaya L1 na L3, na swichi ya kuchagua mfumo wa umeme usiiguse injini ikizunguka. Moshi utazidi mwanzoni, usishtuke. Kinachotisha ni kurukia mzigo mkubwa mara moja, maana mafuta yaliyolala ndani ya ekzosi yanaweza kushika moto. Fanyia kazi hiyo nje, kizima moto kikiwa karibu.

Ukimaliza, badili oili tena. Moshi ukibaki vilevile, ndipo upime nozeli, kisha kompresheni. Baada ya hapo usiiendeshe chini ya kilowati 3 kwa muda mrefu. Kama matumizi yako hayafiki hapo, kwa kweli mashine hii si yako, tafuta ndogo.

SWALI: Lori langu ni M35A2 lililotoka jeshi la Marekani. Pedali ya breki ilianza kuzama, fundi akaongeza mafuta ya breki ya kawaida. Sasa imezidi. Tatizo ni masta silinda (pampu kuu ya breki)?

JIBU: Inawezekana, lakini swali la kwanza ni hayo mafuta. Lori hizi kwa kawaida hutoka jeshini zikiwa na mafuta ya silikoni, DOT 5 (DOT ni daraja la mafuta ya breki), na hayo hayachanganyiki na DOT 3 wala DOT 4. Tahadhari na DOT 5.1: jina linafanana, lakini ni jamii ya DOT 4. Rangi isikudanganye pia, kwani zambarau ya silikoni hufifia kwa miaka.

Vuta kiasi kidogo kutoka kwenye masta silinda, tia kwenye chupa ya kioo, ongeza maji kidogo, tikisa, uache itulie. Silikoni itaelea juu ya maji. Mafuta ya kawaida yatayeyukia humo. Ukiona dalili za yote mawili, mfumo umechanganywa: mwaga yote, safisha mabomba, badili mipira ya masta silinda, ya busta ya hewa (kifaa kinachoongezea breki nguvu kwa hewa) na ya silinda zote sita za magurudumu. Ni kazi kubwa, lakini breki za lori hili ni za njia moja tu, na bomba moja likivuja unapoteza breki za magurudumu yote. Lisiingie barabarani kabla ya hapo.

Wakati wa kutoa hewa kwenye mabomba ya breki, mitungi ya hewa ya lori iwe mitupu. Anza na masta silinda, kisha busta, halafu magurudumu kuanzia la mbali kabisa. Mimina silikoni polepole bila kutikisa kopo. Viputo vyake ni vidogo na hukawia kutoka, kwa hiyo iache usiku mzima kisha rudia.

SWALI: Naweza kuchukua volti 12 za redio kwenye betri moja kati ya mbili za lori?

JIBU: Hapana. Betri hizo zimefungwa mfululizo kupata volti 24. Ukikamua moja, alteneta itaijaza nusunusu huku ikiichemsha nyenzake, na zote mbili zitakufa mapema. Funga kibadilishaji cha volti 24 kwenda 12, na fyuzi karibu na betri.

SWALI: Nimeona MEP-813A kwa bei ndogo kuliko MEP-803A, na zote ni kilowati 10. Kuna ubaya?

JIBU: Soma kibao chake: Hezi 400 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), wakati vifaa vya nyumbani ni vya Hezi 50 au 60. Hita itawaka, lakini mota za friji na pampu hazitafanya kazi sawasawa. Kupunguza mwendo wa injini hakusaidii, kwa sababu alteneta yenyewe imeundwa kwa Hezi hizo. Inunue tu ukitaka injini ya akiba.