Jibu: Kuendelea kuomba wakati hakuna jibu

Bwana asifiwe, dada. Umeuliza uendeleeje kumwomba Mungu mtoto wakati maneno yamekuishia. Kwanza angalia kama umechoka kuomba, au umechoka kuomba kwa adabu huku moyoni umekasirika; kwangu mimi lilikuwa hilo la pili. Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu, na miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara 4, hivyo isome kwa sauti kama ombi lako mwenyewe, hata usiku ambao huna la kuongeza. Ibrahimu aliitwa akiwa na miaka 75, akampata Isaka akiwa na 100, na hapo katikati alilalamika waziwazi. Kwa nini lako limechelewa sijui, na jihadhari na anayedai kujua. Jumapili ya kubariki watoto ikikushinda, mwombe rafiki mmoja akuombee.