Kwa wadogo zangu mnaoanza uwakili wilayani: msomeni Vallabhbhai Patel

Kila mawakili wapya wanapoapishwa nasikia manung'uniko yale yale. Aliyepata ofisi Dar es Salaam anapongezwa, aliyeangukia Kahama au Tunduru anapewa pole. Vijana wanaokuja kufanya mazoezi ofisini kwetu huwa nawatajia Vallabhbhai Patel, naibu waziri mkuu wa kwanza wa India huru. Wengi hawamjui. Ukisema mwanasheria wa Kihindi aliyepigania uhuru, jina linalokuja ni Gandhi, lakini Gandhi hafai sana kwa somo hili: kesi yake ya kwanza kule Bombay ilimshinda, akakaa chini bila kumuuliza shahidi hata swali moja. Patel alikuwa wakili wa kortini hasa, tena wa korti za wilayani.

Alizaliwa Nadiad, Gujarat, mwaka 1875, katika familia ya wakulima wa kijiji cha Karamsad. Ndiyo sehemu hiyo hiyo ya wilaya ya Kheda walikotoka akina Patel wengi waliofungua maduka Nairobi, Kampala na huku kwetu. Sekondari aliimaliza akiwa na umri wa miaka 22 hivi, na chuo hakukanyaga. Aliazima vitabu vya sheria, akajisomea, akafaulu mtihani wa uwakili wa wilaya mwaka 1900, akafungua ofisi Godhra, kisha akahamia Borsad. Kazi yake kubwa ilikuwa kutetea washtakiwa wa jinai.

Hapo ndipo pa kuangalia. Wilayani huna maktaba ya maana, wala hakimu hana muda wa kusikiliza nukuu za hukumu kumi. Unachokuwa nacho ni jalada, shahidi aliyesimama mbele yako, na ufahamu wako wa watu wa mahali pale: nani ana ugomvi wa shamba na nani, askari yupi huandika maelezo ya shahidi bila shahidi kuwepo. Patel alisifika kwa maswali ya dodoso, yale ya kumbana shahidi wa upande wa pili, kwa sababu alikuwa anawajua watu kabla hawajapanda kizimbani. Ninyi mkipewa kesi ya mpaka wa shamba, nendeni shambani. Ramani haitawaambia kwamba mwembe wa mpakani ulikatwa mwaka jana.

Kuna kisa chake kimoja kinachopendwa mno, nami nina shaka na namna kinavyotumika. Januari 1909 alikuwa akimhoji shahidi katika kesi ya mauaji, akaletewa simu ya maandishi, yaani telegramu. Aliisoma, akaitia mfukoni, akaendelea na maswali mpaka mwisho. Ilikuwa ni habari ya kifo cha mkewe, aliyekuwa hospitalini Bombay. Husimuliwa kama mfano wa uwajibikaji. Mteja wake alikuwa hatarini kunyongwa, kwa hiyo namwelewa. Ila wewe ukipata msiba, omba shauri liahirishwe. Hakimu mwenye utu atakubali, na mteja wako hatafaidika na wakili ambaye akili yake iko kwingine.

Kisa cha kaka yake ndicho ninachokipenda. Patel alidunduliza fedha za kwenda Uingereza kusomea ubarista, yaani uwakili wa mahakama za juu. Hati za safari zilipofika zimeandikwa V. J. Patel, kaka yake Vithalbhai, naye wakili mwenye herufi hizo hizo, akaomba aende yeye kwanza kwa kuwa ni mkubwa. Mdogo akampisha, tena akamlipia gharama. Yeye mwenyewe alifika London mwaka 1910, akikaribia miaka 35, mjane mwenye watoto wawili aliowaacha nyumbani. Akajiunga na Middle Temple, moja ya taasisi za mabarista za London, akamaliza kabla ya muda wa kawaida, akarudi mwaka 1913 na kufungua ofisi Ahmedabad. Kwa hiyo wewe wa miaka 27 unayelalamika kwamba wenzako wamekutangulia, hesabu zako ziangalie upya.

Ahmedabad alipata fedha, akavaa suti, akacheza karata klabuni, na mwanzoni alimdhihaki Gandhi. Siasa zake zilianzia kwenye halmashauri ya mji mwaka 1917, kwenye kamati ya usafi: mitaro, maji, taka.

Sasa Bardoli, 1928, ambayo kwangu ndiyo kesi yake kubwa ingawa haikuanzia kortini. Serikali ya Bombay ilipandisha kodi ya ardhi kwa asilimia 22 hivi katika tarafa hiyo ya wilaya ya Surat. Wakulima wakamwendea. Hakurukia. Aliwauliza kama wako tayari kunyang'anywa mifugo na mashamba, akawapa muda wakafikirie, akamwandikia gavana kwanza. Walipogoma kulipa, alipanga kambi za wahamasishaji vijijini na kutoa taarifa ya kuchapwa ili kila kijiji kijue kinachoendelea kwingine.

Angalieni ombi lenyewe. Hakudai kodi ifutwe, wala hakudai uhuru. Alidai uchunguzi huru wa hesabu za serikali, basi. Ombi dogo kiasi hicho ni gumu kulikataa mbele ya watu wenye akili. Agosti serikali ikakubali, na wachunguzi wakawa maofisa wake wawili, Maxwell na Broomfield. Huyo Broomfield ndiye hakimu aliyemfunga Gandhi mwaka 1922! Walizunguka vijijini, wakakuta kwamba takwimu za ukodishaji mashamba ambazo serikali iliegemea hazikuwa zimehakikiwa huko huko. Nyongeza ikashuka hadi takriban asilimia 6. Vijana wengi wakiandika hati ya madai hujaza maombi kumi na mawili, yakiwemo wanayojua hawatapewa. Bardoli inafundisha kuchagua lile moja ambalo mpinzani akilikataa anajiaibisha. Ni hapo Bardoli alipoanza kuitwa Sardar, yaani kiongozi.

Miaka aliyofungwa jela kwa kupigania uhuru naipita, ni mingi na imeandikwa sana. Mwaka 1947 alikabidhiwa wizara ya mambo ya ndani pamoja na ile ya tawala za wafalme wa Kihindi waliokuwa chini ya himaya ya Waingereza, zaidi ya 550, nyingine kubwa kama nchi, nyingine vijiji kadhaa tu. Msaidizi wake mkuu alikuwa V. P. Menon, mtu aliyeacha shule na kuanza kazi serikalini kama karani, lakini hakuna aliyeyajua majalada yale kumzidi. Patel hakumuuliza ana shahada gani.

Hati ya kujiunga na India waliyowapelekea wafalme iliwataka waiachie serikali kuu mambo matatu tu: ulinzi, mambo ya nje na mawasiliano. Ni Bardoli tena. Karibu wote walisaini kabla ya Agosti 15, 1947. Kuunganisha tawala zenyewe kulifuata baadaye, kwa makubaliano mengine, na wafalme wakaahidiwa posho ya kila mwaka.

Msimfanye mtakatifu, lakini. Hyderabad, moja ya tawala hizo, ilikataa, na Septemba 1948 jeshi la India likaingia. Kwa siku chache utawala wa Nizam, yaani mfalme wake, ukaisha. Mauaji ya Waislamu yaliyofuata yalichunguzwa na kamati iliyotumwa na serikali yenyewe, ikakadiria waliokufa kati ya 27,000 na 40,000, na ripoti ikafichwa kwa miongo mingi. Anayemsifu Patel kwa kuunganisha nchi aisome na hiyo.

Alifariki Desemba 1950. Zile posho za wafalme zilikuwa zimeandikwa ndani ya Katiba kabisa, na bado mwaka 1971 Bunge lilizifuta kwa marekebisho ya 26. Kwa hiyo mteja akikuuliza kama mkataba uliomwandalia utamlinda siku zote, usimjibu ndiyo ili afurahi. Mweleze nani ana mamlaka ya kuubadilisha, na umwandikie hivyo kwenye barua ya ushauri, nakala ibaki kwenye jalada.