Theluji ingizeni darasani

Mwalimu mwenzangu, umesema watoto wako wa miaka mitatu na minne hapo Minneapolis, Marekani, wanashinda ndani kwa ajili ya baridi, na karatasi za kupaka rangi zimeshawachosha. Usihangaike kununua vifaa. Chukua beseni, lijaze theluji safi, mbali na njia zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, uliweke mezani pamoja na vikombe, vijiko na glavu.

Waache wachimbe kwanza. Kisha ijazeni kwenye chombo kinachoonyesha ndani, bandika utepe pale ilipofikia, umuulize kila mtoto maji yatafika wapi ikiyeyuka. Wengi watasema palepale. Baada ya chakula cha mchana watakuta maji kidogo tu chini, maana theluji iliyotoka kuanguka imejaa hewa. Tafadhali usiwape jibu haraka. Wakibishana ndipo wanapofikiri.

Siku nyingine tumia mafuta mgando ya kupikia. Yatie kwenye mfuko wa plastiki, ingiza mfuko mwingine ndani yake, funga kingo kwa utepe, tayari una glavu ya mafuta. Mtoto avae glavu hiyo mkono mmoja, mwingine ubaki mtupu, kisha atumbukize yote miwili kwenye maji ya barafu, kwa muda mfupi. Hapo ataelewa sili, mnyama wa baharini mwenye tabaka nene la mafuta chini ya ngozi, anavyostahimili bahari ya baridi.

Chumvi juu ya barafu nayo huwafurahisha, ila simamia mwenyewe. Mchanganyiko huo hushuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi na unaweza kuumiza ngozi, kwa hiyo watumie vijiko, si vidole.